Barbara Windsor, mama mwenye baa wa EastEnders

Barbara Windsor alizaliwa mwaka 1937 huko Shoreditch, mashariki ya London, na lafudhi ya mtaani kwao hakuiacha kamwe. Alianza kutamba kwenye filamu tisa za vichekesho za Carry On, ambako alitakiwa zaidi kwa kicheko chake na umbo lake. Kipaji chake kilistahili makubwa kuliko hayo.

Makubwa yalikuja 1994, alipoingia tamthilia ya EastEnders ya BBC kama Peggy Mitchell. Kimo chake hakikufika futi tano; lakini akisimama baa ya Queen Victoria, kidole kikionyesha mlango, mababe wa mtaa walitoka bila ubishi. Na Peggy alipougua saratani ya matiti, ugonjwa ambao wengi waliunong'ona ulizungumzwa waziwazi sebuleni mwa mamilioni ya Waingereza.

Mwaka 2014 aligundulika kuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mumewe, Scott Mitchell, aliutangaza 2018, na mwaka uliofuata wawili hao walimwendea Waziri Mkuu Boris Johnson kudai huduma bora kwa wanaopoteza kumbukumbu. Ulikuwa ujasiri mkubwa kwa msanii ambaye kazi yake yote ilitegemea kumbukumbu.

Alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 83.