MAGURUDUMU MAKUBWA KWA PIKAPU ILIYOINULIWA

Jioni hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao, walakini lawahusu wote wapandao gari, yaani kuchagua magurudumu makubwa kwa pikapu iliyoinuliwa.

Nia ya kuinua gari si ya kudharauliwa. Masika yakija, njia nyingi za kwetu hugeuka kuwa tope na makorongo, na gari la chini hukwama. Basi mwenye pikapu humwendea fundi, akatiwa springi ndefu, kisha akatafuta magurudumu makubwa. Hata hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza achaguapo kwa macho, ilhali gurudumu huchaguliwa kwa hesabu. Hesabu hiyo ikikosewa, wa kulipa si yeye peke yake, bali na abiria wake, na mwenda kwa miguu aliye kando ya njia.

Kwanza, tutambue kazi ya springi na kazi ya tairi. Springi ndefu huinua bodi na chasisi, lakini ekseli ya nyuma hubaki mahali pake, na difu yake pia, nayo ndiyo igongayo jiwe. Cha kuinua ekseli ile ni gurudumu tu, nalo huinua kwa nusu ya nyongeza ya kimo chake, kwa kuwa ekseli imo katikati ya gurudumu.

Tutoe mfano. Pikapu nyingi za Toyota Hilux huvaa tairi lililoandikwa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili yaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni sehemu 65 katika 100 za upana ule. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, tairi lina kimo cha milimita 776 hivi. Sasa mwenyewe atia 285/70R17, lenye kimo cha milimita 831. Nyongeza ni 55, na ekseli imeinuka milimita 27 tu, kama upana wa vidole viwili vyembamba. Hiyo ndiyo faida. Sasa tutazame bei yake.

Tairi hilo limezidi la kwanza kwa sehemu 7 katika 100. Kama kipima mwendo kilikuwa sahihi, sasa kikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari lenda karibu 86. Katika gia ile ile nguvu ya kuvuta imepungua kwa kiasi hicho hicho, na dereva atalisikia jambo hili mlimani akiwa na shehena. Breki nazo hutakiwa kushika kwa nguvu zaidi ili gari lisimame pale pale liliposimama zamani. Na tairi kubwa kwa kawaida ni zito zaidi, hivyo huongeza kazi hiyo. Tena gari lote, likisha kuinuliwa kwa springi na kwa tairi, uzito wake umepanda juu. Katika kona, na watu wamejaa nyuma, gari la namna hiyo hupinduka kwa wepesi kuliko lilivyokuwa.

Pili, tusome maandishi mengine ya ubavuni. Namba ya mzigo, kwa mfano 112, maana yake tairi moja laweza kuchukua kilo 1120. Tairi jipya lisiwe na namba iliyo chini ya ile aliyoiagiza mtengenezaji wa gari, hata likiwa kubwa kwa umbo. Mwisho wa maandishi yaanzayo kwa DOT zimo tarakimu nne: mbili za juma na mbili za mwaka. Tarakimu 2319 zasema kwamba tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Anunuaye tairi lililokwisha tumika na asizitazame tarakimu hizo, hununua asichokijua.

Tatu, ni rimu. Wako wanaopenda rimu kubwa kwa uzuri. Lakini kimo cha gurudumu kikiwa kile kile, rimu ikikua ubavu wa mpira hupungua, na ubavu ndio ulindao rimu penye mawe na mashimo. Kwa njia mbaya, rimu ndogo yenye mpira mnene yafaa zaidi. Wala rimu isitokeze nje mno, kwani huzidisha mzigo juu ya beringi na kuufanya usukani kuwa mzito.

Nne, kabla ya kulipa, magurudumu yajaribiwe. Usukani uzungushwe mpaka mwisho, kulia na kushoto, na gari likiwa na shehena, ili ionekane kama mpira wagusa bodi au chasisi. Mipira ya breki itazamwe isije ikavutika, na taa za mbele zielekezwe upya, maana gari lililoinuka humulika machoni mwa wanaokuja. Gurudumu la akiba nalo liwe la kimo kile kile, kwa kuwa magurudumu yasiyolingana huumiza gia za gari livutalo kwa magurudumu yote manne. Tena afadhali kuwauliza mapema wakaguzi wa magari na watu wa bima, kuliko kuulizwa nao baada ya ajali.

Basi shauri letu ni hili: mtu achague tairi dogo kuliko yote yawezayo kuifanya kazi yake, wala si kubwa kuliko yote yawezayo kuingia. Wahenga walisema, mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Pikapu njema ni ile ipitayo topeni, ikapanda mlima, ikasimama dereva akanyagapo breki, na kuwafikisha salama walioketi nyuma.

Kwaherini.