RIDHAA YA WATAWALIWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wetu huko Msamvu, Morogoro)



Tumevuka bahari mpaka hapa Msamvu, penye njia panda ya Dodoma na Iringa, na mbele yetu imesimama milima ya Uluguru. Khabari ya milima hiyo inatuhusu sisi watu wa visiwani zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Mwingereza iliwaamrisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi, udongo usichukuliwe na mvua. Shabaha haikuwa mbaya. Lakini udongo wenye rutuba huko ni mwembamba. Mchimbaji aliufukia, akaupandisha juu ule usiozaa, akavuna haba baada ya kazi ya sulubu. Amri ilipitia kwa Sultan Sabu bin Sabu na wasaidizi wake. Sheria walikuwa nayo. Ardhi, hata hivyo, ilikuwa mikononi mwa koo zifuatazo upande wa mama. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa.

Roland Young, mtaalamu wa siasa wa Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, walilichungua jambo hili, na mwaka 1960 wakatoa kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Twapenda kwamba waliyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mtawala aweza kuwa na muhuri, askari na hata hoja njema, na bado akakosa uhalali machoni pa anaowaamrisha.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, siku tatu baada ya kupigwa kura. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku ile ile na watu wale wale, zikabaki halali! Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani kikaususia. Siku nane baadaye shirika la Marekani la Changamoto za Milenia likasimamisha ushirikiano wake na Tanzania, na msaada wa umeme wa dola milioni 472 hivi ukapotea.

Wako waliofurahi. Sisi hatukufurahi, kwani fedha zile zilikuwa za kuwapa umeme wananchi, na kupotea kwake hakukumrudishia mtu kura yake. Tena shirika lile lilitaja sababu ya pili, nayo ni sheria ya makosa ya mtandao. Basi tusijidai kwamba Washington ilivitazama visiwa vyetu peke yake.