Binadamu Hazolewi

 

Ndugu zangu na dada zangu, shukran kwa kubaki baada ya swala ya Alasiri, na jua hili la Mombasa. Sitawaweka sana. Nataka tuzungumze habari ya watu ambao kila mmoja wetu amewapita leo akija hapa.

Kuna bimkubwa mmoja alikuwa akikaa kila Ijumaa kwenye ngazi za msikiti ninaoswali, hapa hapa mjini. Leso ameitandika, mkongojo uko ubavuni, kikopo mbele. Nilikuwa nikitoka nampa shilingi kumi, siku nyingine ishirini. Ananiombea dua, naitikia amin, natafuta viatu vyangu, naenda zangu. Hivyo kwa zaidi ya mwaka. Ijumaa moja hayupo. Ya pili hayupo. Nikamuuliza mzee wa kahawa pale nje, "Yule bibi wa kwenye ngazi yuko wapi?" Akanijibu bila kuinua uso: "Wamezolewa. Mjini kuna wageni wanakuja."

Wamezolewa. Nilikwenda na neno hilo mpaka nyumbani. Kwetu kinachozolewa ni taka. Na lililoniuma zaidi ni kuwa nilipotaka kumtafuta, sikujua nimuulizie kwa jina gani. Mwaka mzima wa sadaka, jina lake sikuwahi kumuuliza.

Sasa nisikilizeni. Kuna wanaomwona ombaomba ni uchafu wa mji, na kuna sisi tunaomwona ni mahali pa kuchumia thawabu. Sisi tunajiona bora. Lakini wote wawili hatumwoni mtu. Yule anataka aondoke, na sisi tunataka abaki pale pale tumkute Ijumaa ijayo.

Tuyapime yale maneno tunayoyasema. La kwanza: "Ni wavivu, waende wakafanye kazi." Haya, kijana mwenzangu mwenye cheti na miguu miwili, wewe umeipata hiyo kazi? Tuko hapa wangapi tunaozunguka na bahasha? Hesabu ya taifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima. Nairobi 15,337. Mombasa yetu ikawa ya pili, watu 7,529. Huwezi kuniambia watu elfu saba na nusu wameamka siku moja wakaamua kulala Marikiti na Mwembe Tayari kwa uvivu. Kuna aliyefukuzwa nyumba, kuna mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, kuna mtoto aliyekimbia kipigo, kuna mgonjwa wa akili ambaye familia imechoka.

La pili: "Hiyo ni biashara, kuna watu wanawatuma." Wakati mwingine ni kweli. Mwaka 2022 BBC Africa Eye walionyesha watoto walemavu walioletwa Nairobi kutoka Tanzania na kulazimishwa kuomba, pesa zikachukuliwa na wengine. Lakini fikiria vizuri. Ikiwa mtoto ametumwa, mhalifu ni aliyemtuma. Kenya ina sheria ya kupambana na biashara ya binadamu tangu 2010. Ukimshuku mtu anamtumikisha mtoto, piga 116, ni bure, useme ulichokiona. Kumtukana mtoto na kupita si kupambana na biashara hiyo.

La tatu: "Hawa machokora ni wezi, wanavuta gundi." Wako wanaoiba, na mwizi ana sheria yake. Lakini mtoto wa miaka tisa anayevuta gundi apate usingizi kwenye sakafu ya saruji, hilo si swali la polisi peke yake. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Si takataka ya kutupwa nje ya mji. Mnakumbuka Februari 2019? Watoto wa mitaani wa Nakuru walibebwa wakaenda kuachwa Chemususu, huko Baringo, kando ya msitu. Tukakasirika wiki moja, kisha tukasahau.

Na mwezi wa Machi 2020 ilipotangazwa kafyu ya korona, kila redio ilituambia tukae nyumbani. Hivi kuna aliyejiuliza, asiye na nyumba akae wapi?

Ndugu zangu, dini yetu ilishalijibu hili zamani. Someni Surat Dhuha kwa utulivu. Mola anamkumbusha Mtume wake, rehma na amani zimshukie, kwamba alikuwa yatima akapewa makazi. Kisha, katika sura hiyo hiyo, anamkataza kumkemea aombaye. Na katika Adh-Dhariyat tunaambiwa kuwa ndani ya mali za wachamungu imo haki ya anayeomba na ya aliyenyimwa. Haki! Ukimpa mtu haki yake hujamfanyia hisani, umelipa deni.

Na wale Ahlu Suffa walikuwa nani? Maskini wasio na nyumba mjini Madina. Waliishi wapi? Ndani ya msikiti wa Mtume, kwenye kibaraza chenye kivuli. Abu Huraira, anayepokewa hadithi nyingi kuliko sahaba yeyote, alikuwa mmoja wao. Leo angekuja kulala kwenye baraza zetu, si tungemwitia askari?

Na upande wa serikali nao uko wazi. Sheria ya uzururaji tuliachiwa na mkoloni, ikafutwa mwaka 1997, lakini mawazo yake bado yamo vichwani mwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima ya utu. Kifungu cha 43 kinataja makazi, chakula na afya. Tarehe 4 Disemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Umaskini si kosa la jinai.

Basi tufanyeje? Nina mambo matatu.

Moja, ukiona watu wanapakiwa kwenye gari, usipite. Simama kwa adabu, uliza wanapelekwa wapi na kwa kosa gani. Aliyekamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Andika namba ya gari na saa. Ukiwa na wenzako ni bora zaidi.

Mbili, tuzikusanye zile shilingi. Vijana mia mbili wakitoa ishirini kila Ijumaa ni shilingi elfu nne, elfu kumi na sita kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya vyumba kadhaa vya uswahilini, au mtaji wa mama wawili watatu wa kuuza mahamri na mbaazi. Nendeni kwa kamati za misikiti yenu, ombeni hesabu ya zaka, ulizeni waliolala barazani wamo kwenye orodha au la. Na bajeti ya kaunti inapojadiliwa mbele ya wananchi, nendeni. Ulizeni fungu la makazi ya dharura liko ukurasa gani.

Tatu, ndiyo nyepesi, na ndiyo iliyonishinda mimi. Ukimpa mtu, inama. Msalimie. Muulize jina lake na kwao wapi. Na siku huna kitu, mwambie neno zuri, "Bibi, leo sina, niwie radhi." Usimrushie sarafu kama unamrushia kuku mtama.

Yule bimkubwa mpaka leo sijampata. Nimeuliza, wengine wanasema amerudishwa kwao, wengine wanasema alionekana Likoni kivukoni. Nimekwenda huko mara mbili. Kila ninapofika naulizia "bibi mwenye mkongojo", na watu wananiuliza, "Yupi? Mbona wako wengi."

Mola atusamehe tulipopita, na atupe macho ya kuona. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.