Mwuguzi na Shahada ya Udaktari

 

Wapo wazee wanaouliza: binti amekwisha kuwa mwuguzi, ana kazi na mshahara, mbona ataka kusoma tena miaka mitatu au minne ndipo aitwe daktari, na hali hatapasua mtu? Swali hilo si la ujinga. Fedha ni za jamaa, na umri wa kuzaa haumngojei mtu.

Udaktari huu si ule wa kutibu. Ni daraja ya elimu apewayo mtu aliyeshika swali moja lisilopata jibu, akalichunguza chini ya wasimamizi, akaandika tasnifu, kisha wanachuoni wakamsaili. Huko Marekani iko na aina nyingine, ya kuzidisha ustadi wa kazi yenyewe. Asiyejua tofauti huweza kulipa karo ya njia asiyoikusudia.

Na swali hutoka wapi? Mfano uko karibu, hapo Kuluva, nje kidogo ya mji wa Arua. Daktari Ted Williams, aliyefanya kazi pale pamoja na nduguye Peter, alikuwa akiandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wake. Mwaka 1961 yeye na mwenziwe Cliff Nelson walifuatana na Denis Burkitt wa Mulago katika motokaa kuukuu, safari ya maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi watoto hupatwa na uvimbe wa taya na ni wapi hawapatwi. Ikadhihirika kwamba ugonjwa ule hufuata nchi za joto na mvua. Mwaka 1964 Epstein na wenzake huko London wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Tangu 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu, na mwaka 1978 ikatangazwa kuwa waliougua baadaye walikuwa na dalili za kirusi hicho kwa wingi katika damu yao kabla ya kuugua. Dunia nzima ilifundishwa na watoto wa nchi hii.

Watafiti wale walikuwa waganga, tena wageni. Lakini akaaye na mgonjwa usiku ni mwuguzi. Yeye humsikia mama akilalamika kwa Kilugbara, kwa Kikakwa au kwa Kinubi. Daftari la hospitali husema mama fulani wa Koboko alifika siku ya tatu ya uchungu. Halisemi kwa nini alichelewa. Je, ni nauli, ni mume, au ni maneno makali aliyoambiwa mara ya kwanza? Hapo ndipo penye swali la mwuguzi. Wala kazi hii si ngeni katika Uislamu: Rufaida al-Aslamia alimwuguza Saad bin Muadh katika hema msikitini Madina, baada ya vita vya Khandaq.

Makerere ilianza shahada ya kwanza ya uuguzi mwaka 1993, na Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa hapa Arua mwaka 2013, nacho hufundisha uuguzi. Rose Chalo Nabirye, mwuguzi wa Uganda, amefika cheo cha profesa. Mlango umefunguka, ingawa ngazi ni ndefu: baada ya shahada ya kwanza huja uzamili, ndipo uzamivu. Na mtafiti hamwulizi mtu neno lolote kabla ya kupata idhini ya kamati ya maadili, na ridhaa ya yule mtu kwa lugha aielewayo. Siri ya mgonjwa ni amana.

Basi wazee watakaoombwa karo na wamwulize binti swali lake ni lipi. Akijibu kwamba ataka cheo tu, na asubiri. Akiwa analo swali, waulize ni nani atakayemsimamia, na kama mwajiri amempa ruhusa kwa maandishi, kwani mtu mwenye akili nyingi huweza kukwama kwa kukosa likizo tu. Tena kama ana watoto, ijulikane mapema watalala kwa nani siku atakapokuwa Kampala.