Askofu Aliyekwenda Busia



Tumkumbuke Alexander Muge, Askofu wa Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Eldoret. Aliukemea uchaguzi wa mlolongo na unyang'anyi wa ardhi, wakubwa wakamchukia. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Tarehe 14 alikwenda. Akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori la maziwa, akafariki. Waziri alijiuzulu, maswali yakabaki.

Hakuwa wa Kanisa letu, lakini ametuachia deni. Jirani anaponyang'anywa shamba, sisi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo tunasema, au tunamwogopa chifu? Tumwombee pumziko, nasi tujiombee ujasiri, kwani mchungaji hachungi kondoo akiwa mafichoni.