Ukuta wa Chuo na Sura ya Umma



Katika kisiwa cha Unguja ukuta haujapata kuwa kizuizi cha upepo tu. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, fundi aliyechonga matumbawe kwa hati ya Kikufi aliacha humo tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia, na maandishi yale yangaliko. Milango ya Mji Mkongwe nayo imechongwa mawaridi na minyororo, ili mpita njia ajue amefika kwa nani. Basi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, wakitaka kuchora ukutani picha ya jumuiya yao, hawatakuwa wameleta jambo la kigeni. Wapo wasemao kwamba kuchora kuta ni mchezo wa watoto wa mjini wasio na kazi. Hiyo ni kasumba.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alichora habari za Injili katika kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, Kenya. Yesu alimchora Mwafrika, na nchi aliyomweka ni ile ile ya vilima na mashamba ambayo waumini waliiona walipotoka nje ya mlango. Kanisa lenyewe lilijengwa chini ya utawala wa kikoloni, katika nchi iliyokuwa bado ina majeraha ya vita. Hata hivyo sura zilizobaki ukutani ni za wenyeji. Kijana wa Kilimanjaro aliwachorea watu wa Murang'a bila kuwafanya wafanane na watu wa Ulaya.

Swali gumu kwa Unguja ni nani achorwe. Picha za viongozi zina mahali pake, na ofisi zimekwisha kuzitundika. Ukuta wa chuo unawadai watu wengine: mwanamke wa Paje au Jambiani aliyeinama katika shamba la mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara visiwani mwaka 1989 na ambalo wakulima wake wengi ni wanawake, mchuma karafuu, seremala, na mfagizi wa chuo chenyewe, ambaye hupita mbele ya ukuta huo kila alfajiri kabla mwanafunzi hajaamka. Mchoro wa jumuiya unaomsahau mfagizi ni uongo uliopakwa rangi.

Hapo huinuka hoja nyingine, nayo isidharauliwe. Wazee wengi hawapendi sura za viumbe wenye roho zichorwe ukutani, na kuwaita washamba hakujibu hoja yao. Mikeka ya ukili, kanga, kofia za kushona kwa mkono na milango iliyokwisha kutajwa vina hazina ya nakshi isiyohitaji uso wa mtu hata mmoja. Mkono unaosuka ukili waweza kumsema msusi mzima. Wanafunzi wakienda Tunguu kijijini na rasimu zao za karatasi, wakakaa barazani na kusikiliza kabla ya kununua rangi, watajifunza jambo ambalo darasani halifundishwi. Na yawezekana wakarudi na rasimu iliyo bora kuliko waliyoondoka nayo.

Kisha kuna ukuta wenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika. Nyumba za Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini, kisha huutoa unyevu huo kwa kupumua. Ukipakwa rangi ya mafuta au lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, lipu huvimba, na picha huanguka vipande vipande pamoja na ukuta ulioibeba. Kwa hiyo katika majengo ya kale huwekwa chokaa mbichi, na juu yake rangi za udongo mwekundu, udongo wa njano na masizi. Chokaa ikikauka huvuta hewa na kugeuka tena kuwa kama jiwe, ikiifunga rangi ndani yake. Aidha, katika eneo la urithi hakuna ukuta wa kuguswa kabla ya idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mwalimu anayewaongoza vijana aombe idhini hiyo mapema, kwa maandishi.

Majengo ya saruji ya Tunguu yana uhuru zaidi, lakini jua halina upendeleo: nyekundu za bei rahisi hupauka kwanza. Huko Meksiko, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Juan O'Gorman alilikwepa tatizo hilo katika maktaba ya chuo kikuu cha taifa kwa kuzifunika kuta mawe madogo yenye rangi zake za asili, yaliyokusanywa kutoka pembe mbalimbali za nchi. Unguja haina mawe ya rangi nyingi hivyo. Ina makombe ya pwani, vigae vilivyovunjika na mafundi waashi wanaojua kuvipanga.

Kwa upande wa majira, masika hukoma Mei. Kazi ikianza Juni, ukuta hupata miezi kadhaa ya kukauka kabla ya vuli ya Oktoba.