Beji Inayokumbuka Mionzi

Natumaini mmekwisha kaa, na daftari na kalamu ziko tayari. Leo tutazungumza juu ya mionzi na alama inazoziacha.

Tuanze nyumbani. Mama mmoja wa Chumbageni, Tanga, huanika kanga yake juani, pahali pale pale kila siku. Baada ya miezi kadhaa, na afumue pindo lililoshonwa. Ndani rangi ni ile ile ya dukani, nje imepauka. Kwa nini? Sabuni na maji vimefika ndani na nje. Jua limefika nje tu. Mwanga wa jua, hasa ule usioonekana kwa macho, umezivunja chembe za rangi kidogo kidogo.

Wataalamu wameitumia habari hiyo. Huchukua rangi ya namna ing'aayo inapomulikwa, wakaichanganya na plastiki, wakaitandaza iwe utando mwembamba. Utando huo ukipigwa na mionzi mikali, chembe za rangi huvunjika, na mng'ao hupungua. Wakilinganisha mng'ao wa kwanza na wa baadaye, hujua mionzi iliyopita ilikuwa kiasi gani.

Lakini rangi hufaa zaidi penye mionzi mingi sana, kama vile kiwandani, mabomba ya sindano yanapopigwa mionzi ili kuua vijidudu. Mfanyakazi wa chumba cha eksirei, katika hospitali kama ya Bombo hapa Tanga, hupata mionzi kidogo tu. Hawezi kuiona, wala kuinusa, wala kuisikia mwilini. Yeye huhitaji kipimo chepesi zaidi. Hicho ni beji ya kifuani.

Ndani ya beji za namna moja mna fuwele ya lithiamu iliyotiwa magnesi na titani kidogo sana. Fuwele hii haipauki. Yenyewe huweka akiba ya nguvu za mionzi. Ikipashwa moto katika mashine, huitoa akiba hiyo kwa kung'aa. Iking'aa sana, mionzi ilikuwa mingi. Hapa nchini kazi ya kupima beji hufanywa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo ina maabara Arusha. Kipimo cha kimataifa ni kwamba mfanyakazi asizidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka.

Sasa sikilizeni sana. Beji si hirizi! Haimkingi mtu, hutoa ushahidi tu. Anayeiacha mezani ameinyima beji habari za mwili wake. Kinga ni tatu: kukaa muda mfupi, kusimama mbali, na kujificha nyuma ya ukuta au aproni ya risasi. Ukiwa mbali mara mbili, mionzi hubaki robo.

Na wewe mgonjwa, usiogope picha uliyoandikiwa na daktari. Ila ukiwa mja mzito, sema mapema. Na aliyekusindikiza angoje nje, isipokuwa ameombwa kukushika.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini rangi ya ndani ya pindo haikupauka?
2. Utando wa rangi na fuwele vinatofautianaje?
3. Kwa nini tunasema beji si hirizi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.